Goti lile ni deni la klabu

Jumapili ya wiki ijayo, baada ya mazoezi, klabu yetu itapiga kura. Ajenda imeshaandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye daftari: "Kupunguza majina." Daftari lina majina 27 na wanataka yabaki 22, lakini kila mtu anajua kwamba mjadala uko kwenye jina moja tu. Ni la beki wetu wa kati, kapteni wetu kwa miaka sita, mtu wa miaka 35 ambaye hajacheza hata dakika moja tangu goti lake liumie Mbale, miezi 14 iliyopita. Jina lake silitaji hapa juu hajaniomba nimtetee, na angejua ninaandika angenikataza.

Mimi nasema abaki. Ninaomba mnisikilize mpaka mwisho, hasa ninyi mnaosema "huruma haichezi mpira." Kauli hiyo naikubali, na huruma sitaiomba.

Kwanza niwaeleze wasomaji walio mbali. Timu yetu ni ya wakimbizi tunaoishi Jinja: Wakongomani wengi, Warundi, Wasudani Kusini wachache, na vijana wa Kisoga wa mtaani ambao hawajawahi kutuuliza karatasi. Tulitoka kambini kutafuta kazi, na wengi bado tuna familia huko. Mazoezi ni saa kumi na moja jioni, kwa sababu kabla ya hapo kila mtu yuko kwenye kibarua chake. Siku ile tulialikwa Mbale. Tulikodi kosta moja tukajazana watu 31, tukapita Iganga, Namutumba, mto Mpologoma na mashamba yake ya mpunga, Tirinyi, Kamonkoli, mpaka mlima Wanale ukasimama mbele yetu kama ukuta. Ni kama kilomita 140 hivi. Kapteni alikaa kiti cha mbele, mguu wa kulia ameunyoosha. Goti lilikuwa limevimba tangu Alhamisi. Sisi wote tuliliona.

Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao. Wakati wa mapumziko alisema, "Goti linalegea, ni kama linataka kutoka." Kocha akamtazama, halafu akanitazama mimi, maana mimi ndiye ninayebeba sanduku la dawa. Mimi si daktari. Huduma ya kwanza nilijifunza kwenye semina ya siku mbili. Nilimpa vidonge viwili vya maumivu, nikamfunga bandeji, nikamwambia, "Yaya, dakika 45 tu." Karibu dakika ya 60 aligeuka kumfuata mshambuliaji. Hakuna aliyemgusa. Tulisikia mlio mpaka kwenye benchi, kama kijiti kikavu kinavunjwa. Tulishinda bao moja kwa bila. Tuliimba njia nzima mpaka Jinja, naye akiwa kwenye kiti kile kile, mguu juu ya begi la jezi.

Sasa wanaotaka afutwe wanaanza hesabu leo. Leo hachezi, leo ni mzee, leo anachukua nafasi. Mimi hesabu yangu inaanza kwenye yale mapumziko ya Mbale. Pale kulikuwa na goti lililovimba, na klabu nzima iliyoliona ikaamua liendelee kufanya kazi. Ushindi tuliuchukua sote. Gharama akaichukua mmoja. Hiyo naiita deni, na deni halifutwi kwa sababu anayedai amezeeka.

Nitajibu hoja zao moja moja, juu hoja zenyewe si za kijinga.

Hoja ya kwanza ni nafasi. Eti kuna kijana wa miaka 17 anasubiri, ana mbio, ana kichwa cha mpira, na jina la kapteni linamzibia njia. Kijana huyo namjua, mara nyingi mimi ndiye ninayempa nauli ya boda, na ninataka acheze. Lakini hapa tumechanganya vitu viwili. Kuna fomu ya mashindano, ile tunayopeleka kwa waandaaji, yenye majina ya watu wanaoweza kukimbia. Na kuna daftari la klabu. Kwenye fomu, mwekeni kijana, hata mimi nitaliandika jina lake kwa mkono wangu. Daftari ni kitu kingine. Aliye kwenye daftari ana kura, ana kiti kwenye kosta, na akiugua anasaidiwa na kasha letu. Asiye kwenye daftari hana lolote katika hayo. Kijana hahitaji kiti cha kapteni kwenye daftari ili apate nafasi uwanjani. Mtu anayewaambia kwamba lazima mmoja atoke ndipo mwingine aingie, mwulizeni ni nani aliyeiweka namba 22. Waandaaji wanaitaka kwenye fomu yao. Sisi wenyewe ndio tumeihamishia kwenye daftari.

Hoja ya pili ni pesa. Kila mwanachama anatoa shilingi 2,000 kwa wiki. Kapteni hajatoa kwa miezi 11. Hiyo ni kweli, na si siri. Lakini ni kwa nini hatoi? Kazi yake ilikuwa kubeba magunia sokoni. Goti lililokatika ligamenti halipandi ngazi na gunia. Sasa anakaa na mke wake kwenye mkaa, anapima ndoo na kurudisha chenji. Yaani hoja yenu, mkiisema mpaka mwisho, inakuwa hivi: tulimwumiza, akakosa kazi, akakosa mchango, kwa hiyo tumtoe kwa kukosa mchango. Isemeni kwa sauti siku ya mkutano, mbele yake, halafu tuone nani atanyoosha mkono.

Na matibabu je? Uganda inamruhusu mkimbizi kutibiwa kwenye hospitali za serikali sawa na raia, na hilo tunalishukuru. Jinja ina hospitali ya rufaa ya mkoa, Mbale nayo vilevile. Lakini goti kama lile linataka picha ya MRI, linataka upasuaji wa ligamenti ambao si wa foleni ya kila siku, halafu baada ya upasuaji linataka mazoezi ya viungo kwa miezi tisa hadi mwaka kabla mtu hajarudi kucheza. Kasha letu haliwezi kulipia upasuaji. Hilo nalijua vizuri, kasha nalihesabu mimi. Lakini linaweza kulipa nauli ya kwenda kwenye mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki. Msuli wa paja ukipata nguvu, unalishikilia goti. Mtu anaweza asicheze tena na bado akabeba gunia. Tofauti ya maisha yake iko hapo, kwenye nauli ya boda. Siyo kwenye kombe.

Hoja ya tatu ni umri. "Miaka 35, goti moja, anarudi wapi huyo?" Labda harudi. Lakini msiseme kwa uhakika ambao hamna. Angalieni Shomari Kapombe wa Tanzania. Alijiunga tena na Simba mwaka 2017 akitokea Azam, akiwa majeruhi baada ya kuitumikia timu ya taifa. Miezi ikapita hachezi, na maneno yakawa mengi kwamba analipwa bure. Aliporudi uwanjani mwaka 2018, Simba ikachukua ubingwa ambao haikuwa imeupata tangu 2012. Novemba mwaka huo huo akaumia tena, kambini Afrika Kusini, Taifa Stars ikijiandaa kucheza na Lesotho. Akakaa nje muda mrefu kwa mara ya pili. Simba ikamweka. Ubingwa ukaja mara nne mfululizo mpaka 2021, na Mei 2025, Simba ilipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika na RS Berkane, beki wa kulia alikuwa bado ni Kapombe, mtu wa miaka 33. Waliotaka aachwe mwaka 2017 walikuwa na hoja kama zenu, neno kwa neno.

Mtaniambia Simba ina pesa. Ndiyo, ina pesa, na kapteni wetu si Kapombe. Simleti Kapombe kuahidi muujiza. Ninamleta kuonyesha kwamba mtu aliyeko nje kwa jeraha bado ni mchezaji wa klabu, na kwamba kumngoja ni uamuzi wa kawaida wa mpira. Wanaotuambia ni ulaini wa moyo wa wakimbizi hawajui klabu zinavyoendeshwa.

Au mtazameni Denis Onyango, kipa wetu wa hapa Uganda. Mwaka 2021 aliacha Cranes kwa hiari yake, kwa maneno yake mwenyewe. Kule Mamelodi Sundowns, alikoanza 2011 na kuchukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika 2016, nafasi ya kwanza ilikwenda kwa Ronwen Williams, lakini Onyango akabaki kwenye kikosi mpaka karibu na miaka 40. Anafanya nini mtu huyo kwenye benchi? Anafundisha makipa wadogo kwa kuwepo tu kwenye mazoezi kila siku. Na ninaomba mlitazame jambo moja: alipoacha timu ya taifa, aliyesema "basi" alikuwa yeye. Kapteni wetu hajasema basi. Sisi ndio tunataka kumsemea.

Hoja ya nne wanaitoa wale wanaojiita watu wa mpira wa kisasa: "Klabu za kweli hazina ndugu." Uongo. Klabu za kweli zina mikataba, na mkataba haufi siku goti linapokufa. Tangu 2012 FIFA wana mpango wa kuzilipa klabu ambazo mchezaji wao ameumia akiwa na timu ya taifa na akakaa nje zaidi ya siku 28. Kwa nini wakubwa wa dunia waliweka mpango kama huo? Kwa sababu walikubali kitu rahisi: aliyemtumia mchezaji siku alipoumia ana sehemu yake ya gharama. Hata wao, na biashara yao yote, wamelikubali.

Wala hatuhitaji kwenda mpaka FIFA. Sisi tunaishi Jinja, mji wa viwanda tangu bwawa la Owen Falls lifunguliwe 1954. Timu za hapa zilizaliwa viwandani. Nytil ilikuwa timu ya kiwanda cha nguo. BUL, waliochukua Kombe la Uganda 2022, jina lao ni Bidco Uganda Limited, watu wa mafuta na sabuni. Kawaida ya timu za viwanda na mashirika, hapa na kote Afrika Mashariki, ilikuwa mchezaji ni mfanyakazi. Goti likigoma, kuna stoo, kuna lango, kuna mashine. Haikuwa peponi, na najua wapo waliosahauliwa. Lakini wazo lilikuwepo kwamba mtu ni zaidi ya miguu yake. Hata Mbale Heroes, waliobeba Kombe la Uganda 1999 na baadaye wakakaa miaka mingi chini kabla ya kurudi ligi kuu msimu wa 2024/25, hawakuishi muda wote huo kwa vijana wa miaka 17 tu. Timu iliyo chini inabebwa na watu wanaoikumbuka ilipokuwa juu.

Sasa niseme jambo ambalo ndilo linanichoma zaidi. Sisi, kati ya watu wote, tunajua kufutwa kwenye orodha ni nini. Julai 2023 WFP, pesa zilipopungua, iliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu: kundi la kwanza lilipata asilimia 60 ya posho, la pili asilimia 30, na la tatu halikupata kitu. Mnakumbuka ile siku ya kutafuta jina? Mnakumbuka mama zenu wakiuliza, "Ni nani ameamua kwamba mimi nina nguvu?" Tulilalamika, tuliandika barua, tulisema mtu hawezi kupimwa kwa macho na kuhamishwa kundi bila kuulizwa. Na leo tumepata kadaftari ketu kadogo ka kurasa 40, na kitu cha kwanza tunachofanya nako ni kutengeneza kundi la tatu.

Kwa ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, nina neno pia. Mmetusaidia mipira, koni, filimbi na jezi, na tunazivaa. Lakini miradi yenu ya michezo ni ya "vijana", na kijana kwenu ana mwisho wa umri. Ripoti zenu zinahesabu waliofika mazoezini. Hazimhesabu aliyeacha kufika kwa sababu ameumia kwenye mashindano yenye nembo yenu kifuani. Siwalaumu kwa goti la Mbale, lile ni letu. Ninawaomba kitu kidogo: kwenye bajeti ya kila mashindano, wekeni mstari mmoja wa majeruhi. Barafu, gari la kwenda hospitali, na miezi mitatu ya mazoezi ya viungo kwa atakayeumia vibaya. Jezi chache zipungue. Hakuna kijana atakayekufa kwa kucheza na jezi ya mwaka jana.

Nirudi kwetu. Najua kubaki kunaweza kuwa kubaya vilevile. Nimeona timu zinazomweka mchezaji mzee kama bendera, wanampiga picha, halafu siku mabeki wamepungua wanamwambia "ingia dakika kumi tu." Hiyo ni Mbale ya pili. Nimeona pia wazee wanaong'ang'ania, wanagombana na kocha, wanawatukana vijana. Kapteni akifanya hivyo nitakuwa wa kwanza kumwambia. Kwa hiyo ninaleta mapendekezo matatu, yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Moja, jina lake libaki kwenye daftari, na litoke kwenye fomu ya mashindano mpaka mtaalamu wa viungo atakaposema vingine. Si kocha, si mimi na sanduku langu.

Mbili, kasha lilipe nauli yake ya mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki kwa miezi sita, na mchango wake wa 2,000 usimame kwa muda huo. Baada ya miezi sita tukae naye, tumwulize anaonaje. Akisema anaacha, tumwage vizuri. Akisema bado, tujadili upya.

Tatu, na hii ni kwa ajili yetu sote: mchezaji akisema goti linalegea, anatoka. Hata kama ni fainali, hata kama benchi limeisha tukabaki kumi. Kijana wa miaka 17 mnayemtetea leo naye ana magoti mawili, na siku moja atakuwa anatazama usoni kwa kocha wakati wa mapumziko. Sheria mtakayopitisha juu ya kapteni ndiyo yeye ataisoma siku hiyo. Mkimfuta kapteni, kijana atajifunza kuficha maumivu. Atacheza ameumia, juu atajua kwamba anayetoka nje hafai tena.

Wapo waliopendekeza njia ya katikati: tumfute, lakini tumfanyie sherehe, soda na keki, na cheti cha shukrani kwenye fremu. Cheti hicho mimi sitakitia sahihi. Mtu anayekudai hupewi ruhusa ya kumlipa kwa cheti.

Juzi nilipita pale kwenye mkaa wake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu ameuweka juu ya jiwe. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Banataka kunifuta?" Nikamwambia kuna mkutano. Akatikisa kichwa, akaniuliza kama yule kijana ameshapata buti, maana zake za zamani zinaweza kumtosha akivaa soksi mbili. Halafu akaja mteja wa ndoo moja.

Sikumwambia kile ninachokiandika hapa. Miezi 14 ninazo zile dakika 45 kichwani, na sijawahi kumwomba msamaha kwa sauti. Nitamwomba Jumapili, mbele yenu, kabla ya kura. Halafu nitanyoosha mkono abaki. Tulikuwa watu 31 kwenye ile kosta. Wengi wenu bado mko kwenye daftari. Ninyi mlioimba njia nzima kutoka Mbale, ninawaomba mnyooshe mkono kwanza, kabla ya wale ambao hawakuwepo.